Oksitosini, karbetosini, miso na traneksamiki: ipi ikae kwenye leba yenu?

Miaka yangu ya mwanzo ya uuguzi na ukunga niliimaliza kwenye zahanati ambayo friji yake ya chanjo iliendeshwa kwa mtungi wa gesi. Usiku mmoja mama wa uzao wa tano alijifungua salama, kondo likatoka zima, nikamchoma oksitosini yuniti 10 pajani kama nilivyofundishwa, na bado damu ikaendelea kutoka. Nilipoweka mkono chini ya kitovu nikakuta kizazi laini kama unga uliozidiwa maji. Nikachoma kichupa cha pili. Kimya. Nikasugua, nikasugua tena, mpaka kikaanza kukaza chini ya kiganja changu, na alfajiri tukamsafirisha kwenda hospitali ya wilaya, midomo imepauka lakini yu hai. Kesho yake ndipo nilipoambiwa kwamba gesi ilikwisha siku nyingi na vichupa vile vilikuwa vimehamishiwa kwenye kidishi karibu na dirisha. Jina la dawa lilikuwa sahihi, tarehe ya mwisho ilikuwa mbali. Joto lilikuwa limekwisha kuila.

Tangu hapo, mtu akiniuliza dawa ipi ni bora kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, simjibu kwa jina la dawa. Namuuliza friji yao inatumia nini, na umeme au gesi ikikatika nani huamka usiku kuangalia.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya waganga wafawidhi na wakunga wanaojaza fomu za oda, kwa wajumbe wa kamati za afya za vituo wanaopitisha fedha, na kwa familia inayotaka kuelewa kwa nini ndugu yao alipewa sindano hii na si ile. Vipimo nilivyovitaja ni vya kutumiwa na mhudumu aliyefundishwa. Havimfai mtu wa kununua vidonge dukani na kuviweka kabatini nyumbani.

Kwanza, kazi ni mbili

Mimba ikikomaa, kizazi hupokea nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Kondo likibanduka linaacha mahali palipo wazi, mishipa imeachama midomo. Mwili una njia mbili za kuifunga midomo hiyo, nazo hufuatana.

Ya kwanza ni misuli. Nyuzi za misuli ya kizazi zimepishana kuzunguka mishipa kama ukili uliosukwa, na kizazi kikikaza, zinaibana mishipa kama kamba inavyobana mdomo wa gunia. Hii ndiyo inayookoa dakika za mwanzo. Ya pili ni kuganda kwa damu: nyuzinyuzi za faibrini hushikana na chembe sahani, donge likaziba midomo ile kwa muda mrefu zaidi. Mwili wa mjamzito huiandaa kazi hii mapema. Faibrinojeni, malighafi ya donge, hupanda mpaka gramu 4 hadi 6 kwa lita mimba inapofika mwisho. Mama anayevuja damu akakutwa na chini ya gramu 2, huyo yuko kwenye hatari kubwa hata kama bado anazungumza na wewe vizuri.

Wakunga tulikariri sababu nne za kuvuja damu: kizazi kilicholegea, mchaniko, kondo au vipande vyake kubaki ndani, na damu isiyoganda. Kizazi kulegea peke yake huchukua takriban visa 70 kati ya 100. Ndiyo maana dawa nyingi nitakazozilinganisha hapa ni za kukaza kizazi, na moja tu ni ya kulinda donge. Mkanganyiko ninaoukuta mara nyingi kwenye vituo unaanzia hapa: watu huzipanga dawa hizi zote kwenye mstari mmoja, ya bei ndogo mwanzo na ya bei kubwa mwisho, kana kwamba moja ikikosekana unachukua inayofuata. Traneksamiki haiwezi kusimama mahali pa oksitosini, wala oksitosini haiwezi kumsaidia mama ambaye kizazi chake kimekaza kama jiwe huku damu yake haigandi.

| Dawa | Kazi yake | Kuzuia | Kutibu | Inatunzwa wapi | Tahadhari kubwa |
|---|---|---|---|---|---|
| Oksitosini | Kukaza kizazi | Yuniti 10, kwenye msuli au mshipa | Ndiyo, kwenye mshipa na dripu | Nyuzi 2 hadi 8 | Joto huiharibu bila dalili; isisukumwe kwa kasi mshipani |
| Karbetosini isiyoharibiwa na joto | Kukaza kizazi | Mikrogramu 100, mara moja tu | Hapana | Hadi nyuzi 30, nje ya friji | Kamwe kabla mtoto hajatoka |
| Misoprostoli | Kukaza kizazi | Mikrogramu 600 za kumeza | Mikrogramu 800 chini ya ulimi | Joto la chumba, pakavu | Hakikisha hakuna pacha wa pili; hutetemesha na kuleta homa |
| Ergometrini | Kukaza kizazi | Miligramu 0.2, asiye na presha tu | Ndiyo, asiye na presha tu | Nyuzi 2 hadi 8, gizani | Presha ya juu, kifafa cha mimba |
| Asidi ya traneksamiki | Kulinda donge | Hapana | Gramu 1 mshipani kwa dakika 10, ndani ya saa 3 | Joto la chumba | Ikiingia uti wa mgongo inaweza kuua |

Oksitosini na karbetosini

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu, kwa hiyo tukae kidogo.

Oksitosini ina sifa ndefu. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Ikichomwa kwenye msuli huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, bei yake ni ndogo, kila mkunga anaijua, na inaweza kuzuia na kutibu pia. Kama friji yenu ni ya kuaminika, sioni sababu ya kuiacha.

Tatizo lake ni kwamba haioneshi ilipoharibika. Kichupa kilichokaa wiki tatu kwenye trei ya leba jijini Tanga au Mombasa kina maji meupe yaleyale kama kilichotoka kwenye baridi leo asubuhi. Lebo nazo zimechangia kuchanganya watu, maana baadhi ya watengenezaji huandika kwamba dawa yao inastahimili nyuzi 25. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja wakisisitiza oksitosini itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 na kwamba inaweza kukaa katika mnyororo baridi wa chanjo. Naomba wakunga wenzangu walichukue tamko hilo kama silaha. Nimewahi kumwona mratibu wa chanjo akikataa oksitosini isiguse friji yake, eti itachanganyika na chanjo. Kuiweka kwenye kisanduku chake chenye maandishi makubwa kunaondoa hofu hiyo, na kunaokoa mama.

Karbetosini ni ndugu wa oksitosini aliyeundwa adumu mwilini muda mrefu zaidi. Aina isiyoharibiwa na joto hukaa miaka 3 kwenye nyuzi 30 bila friji, na vipimo vya maabara vimeonesha inastahimili hata miezi 6 kwenye nyuzi 40. Kwa zahanati ya bati yenye stoo isiyo na dari, hilo ni jambo zito.

Je, inafanya kazi sawa? Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018 uliwapima wanawake 29,645 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliopoteza damu nusu lita au zaidi, au waliohitaji kuongezewa dawa nyingine ya kukaza kizazi, walikuwa asilimia 14.5 upande wa karbetosini na 14.4 upande wa oksitosini. Ukiisoma juu juu utasema zimetoka sare, basi tubaki na ya zamani. Lakini kumbuka kwamba oksitosini ya utafiti ule ilikaa kwenye baridi muda wote. Sare hiyo ni kati ya karbetosini na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Oksitosini ya dirishani haikushindanishwa na mtu, nami najua matokeo yake yangekuwaje, kwa sababu niliyaona chini ya kiganja changu.

Sasa upande wa pili wa mizani. Karbetosini imependekezwa kwa kuzuia tu. Haitumiki kutibu mama aliyekwisha kuanza kuvuja, na haitumiki kuanzisha wala kuongeza uchungu. Kudumu kwake, ambako ni faida baada ya mtoto kutoka, ni hatari kubwa kabla hajatoka: kizazi kikikaza bila kulegea, mtoto anakosa hewa na kizazi chenyewe kinaweza kupasuka. Oksitosini ukiidripisha na mambo yakaharibika, unafunga dripu na nguvu yake inapungua ndani ya dakika. Karbetosini ukishaichoma, hakuna cha kufunga. Kwa hiyo hospitali inayoongeza uchungu kwa dripu lazima itenganishe vichupa hivi viwili kwenye makabati tofauti. Kuviweka droo moja halafu kutegemea kila mtu atasoma lebo saa tisa usiku ni kujidanganya.

Bei zamani ndiyo iliyokuwa kikwazo. Mtengenezaji, kampuni ya Ferring, aliahidi kuiuza kwa sekta ya umma ya nchi zenye kipato cha chini kwa takriban senti 31 za dola kwa kichupa, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018 kwa sharti kwamba gharama yake ilingane na za wenzake. Ukipiga hesabu, usilinganishe bei ya kichupa kwa kichupa tu. Weka na gesi ya friji, weka vichupa vya oksitosini mnavyovitupa kila umeme ukikatika siku mbili, weka na mafuta ya gari la wagonjwa.

Msimamo wangu: zahanati yenye friji ya sola inayofanya kazi na daftari la joto linalojazwa kweli, ibaki na oksitosini. Ambayo friji yake inakufa na kufufuka, ichukue karbetosini kwa kila mzazi, na isitegemee oksitosini kuzuia.

Miso na sindano

Misoprostoli, miso kama tunavyoiita, ni kidonge. Hakihitaji friji, hakihitaji bomba la sindano, hata mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa anaweza kumpa mama pale ambapo hakuna mkunga. Ndiyo faida yake yote, na si ndogo.

Lakini tusiseme ni sawa na sindano, kwa sababu si sawa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001, uliohusisha wanawake zaidi ya 18,000 katika nchi 9, ulikuta kwamba waliopoteza lita nzima au zaidi walikuwa asilimia 4 kwa miso na asilimia 3 kwa oksitosini. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye wilaya inayozalisha wanawake elfu kumi kwa mwaka ni akina mama mia moja.

Linganisha miso na kutokuwa na chochote, picha inageuka. Huko Belgaum, vijijini India, wakunga wasaidizi waliwapa wanawake 1,620 ama miso ama kidonge kisicho na dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: waliovuja damu walishuka kutoka asilimia 12 hadi 6.4. Karibu nusu. Kwa hiyo swali la miso ni hili: pale mama atakapojifungulia, kuna mtu wa kuchoma sindano yenye nguvu? Yupo, apewe sindano. Hayupo, miso ni bora mara nyingi kuliko mikono mitupu.

Mambo matatu ya kuiangalia. Unyevu huiharibu, kwa hiyo pakiti za foili pande zote mbili ndizo za kuaminika, na vidonge vilivyokwisha kutolewa na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi visihesabiwe kuwa ni dawa. Pili, kabla ya kumpa mama, papasa tumbo uhakikishe hakuna mtoto mwingine ndani. Tatu, mwambie mapema kwamba atatetemeka na joto litapanda, la sivyo ndugu watadhani ni malaria au uchafu umeingia kizazini, na mhudumu mgeni ataanza kumtibu homa badala ya kuangalia damu.

Aliyekwisha kumeza miso nyumbani au njiani, muda na idadi ya vidonge viandikwe kwenye karatasi ya rufaa. Anayempokea anahitaji kujua. Na mama ambaye tayari anapata oksitosini ya kutibu, kumwongezea miso wakati uleule hakumletei nafuu zaidi, kunamletea homa na mtetemeko tu. Tafiti zimelithibitisha hilo.

Jambo moja linaniuma. Kwa kuwa vidonge hivi vina matumizi mengine yanayozua minong'ono, vituo vingine huvifungia kwenye kabati la mfawidhi, na mfawidhi akisafiri ufunguo unasafiri naye. Dawa ya dharura iliyofungiwa haipo. Iandikieni daftari, ihesabuni kila zamu, lakini iwe leba.

Ergometrini

Nitapita haraka. Inakaza kizazi kwa nguvu sana, wala sikatai. Ila inataka baridi kama oksitosini, inataka na giza, na mama mwenye presha hatakiwi kuiona. Katika kituo ambacho mashine ya presha haina betri, au mama anafika mtoto keshatoka kichwa na kadi ya kliniki imebaki nyumbani, sindano hii inaweza kumletea kiharusi. Iachieni hospitali, kama dawa ya pili oksitosini ikishindwa na presha ikiwa imepimwa. Siioni ikiwa chaguo la kwanza la zahanati yoyote.

Traneksamiki: dawa ya donge

Hii ndiyo ninayoulizwa zaidi siku hizi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Waliigundua mume na mke wa Japani, Shosuke na Utako Okamoto, na kuitangaza mwaka 1962. Bibi Utako alikuwa akitafuta hasa dawa ya kuwaokoa akina mama wanaokufa kwa kuvuja damu uzazini. Aliishi miaka mingi sana akiona dawa yake ikitumika kung'oa meno na kwenye upasuaji, lakini uzazini hakuna aliyeijaribu kwa ukubwa. Alifariki 2016. Utafiti uliothibitisha alichokuwa akikitafuta, wa wanawake 20,060 katika nchi 21, ulichapishwa mwaka uliofuata.

Namna inavyofanya kazi: mwili haujengi donge tu, unalibomoa pia, kwa kimeng'enya kiitwacho plasmini. Baada ya kujifungua, kwa baadhi ya wanawake ubomoaji huo huanza mapema na kwa kasi. Donge linajengwa huku linayeyushwa. Traneksamiki huzuia ubomoaji. Haigandishi damu yenyewe. Naandika sentensi hiyo kwa herufi nzito moyoni mwangu kwa sababu wakunga wengi huiogopa wakidhani itamwekea mama donge la mguuni au la mapafu. Katika utafiti ule, waliopata dawa hawakupata madonge hayo zaidi ya wasioipata.

Faida yake inategemea saa. Waliopewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 1.2, dhidi ya 1.7 kwa wasiopewa. Baada ya saa 3 hakuna faida, na kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida kwa takriban asilimia 10. Ndiyo maana kusema "tutampa akifika mkoani" mara nyingi ni sawa na kusema hatutampa. Damu ikizidi kiwango, gramu 1 iingie polepole kwa dakika 10 pamoja na dawa ya kukaza kizazi, bila kusubiri moja ishindwe. Baada ya dakika 30 akiendelea kutoka damu, au ikianza upya ndani ya saa 24, apewe gramu nyingine.

Je, tuwape wote kuzuia, hasa wale wenye upungufu wa damu? Nami nilitamani jibu liwe ndiyo. Lilifanyiwa utafiti Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani kwa wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu, matokeo yakatoka 2023: waliopewa mapema hawakuvuja damu pungufu kuliko wasiopewa. Kwa hiyo mama mwenye damu ndogo tunamsaidia kliniki kwa vidonge vya madini chuma na kinga ya malaria. Traneksamiki ingojee damu ianze.

Na onyo ambalo halina mjadala. Kichupa cha traneksamiki kinafanana na cha dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Kumetokea makosa ya kuichoma uti wa mgongo wakati wa upasuaji, na takriban nusu ya waliochomwa walifariki. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari rasmi mwaka 2022.

Dawa haioni damu

Dawa zote hizi zinasubiri mtu aseme "anavuja". Jicho hutudanganya, damu iliyonyweshwa kanga na shuka huwa ni nyingi kuliko tunavyokadiria. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Nusu ya hospitali zilitumia shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, na damu ikifika alama, mambo yote yalifanywa kwa mpigo: kusugua kizazi, oksitosini, traneksamiki, maji ya mshipani, kukagua michaniko, kuita msaada. Visa vilivyogunduliwa vilikuwa asilimia 93 dhidi ya 51, na uvujaji mkubwa, upasuaji na vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 60. Mwongozo mpya wa kimataifa wa Oktoba 2025 umekwenda mbele zaidi: usingoje nusu lita kama mapigo ya moyo au presha vimeanza kubadilika; mililita 300 na dalili hizo zinatosha kuanza.

Ikiwa bajeti yenu inatosha kitu kimoja kipya mwaka huu, na oksitosini yenu iko salama kwenye baridi, nunueni mashuka hayo kabla ya dawa nyingine.

Damu ikikataa kuganda

Kuna akina mama ambao kizazi kimekaza, hakuna mchaniko, kondo limetoka, na bado damu inachuruzika, nyembamba, hata pale palipochomwa sindano. Wawaze waliobandukwa kondo kabla ya wakati, waliofiwa na mtoto tumboni akakaa siku nyingi, wenye kifafa cha mimba, wenye maambukizi makali. Na wale wenye tatizo la kurithi la kuganda damu: binti aliyewahi kutokwa damu siku tatu baada ya kung'oa jino, au hedhi yake humlaza, aseme kliniki mapema, kwa sababu mimba humfichia tatizo kwa muda na kumrudishia siku chache baada ya kujifungua.

Hapa maabara isiyo na mashine bado inaweza kitu. Chukua mililita chache za damu ya mshipani, weka kwenye kibomba cha kioo kisafi na kikavu, kishike ndani ya ngumi ili kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu, kisha kila dakika. Dakika 7 zikipita bila donge, au donge likawa laini linalovunjika, damu yake haigandi sawasawa. Mama huyo hahitaji sindano ya nne ya kukaza kizazi. Anahitaji damu, ikiwezekana nzima na mbichi au yenye plazma, na anahitaji kupakiwa sasa. Kumjaza chupa za maji moja baada ya nyingine kunaizimua zaidi ile faibrinojeni kidogo aliyobaki nayo, na baridi ya sakafu inaizuia damu isigande; mfunikeni.

Kwa hiyo oda iwaje

Zahanati isiyo na friji ya uhakika: karbetosini kwa kila mzazi, miso kwa kutibu, traneksamiki kwa kila anayevuja, na namba ya gari la rufaa ukutani, kwa Tanzania mfumo wa m-mama umerahisisha hilo. Zahanati au kituo cha afya chenye friji nzuri: oksitosini kuzuia na kutibu, traneksamiki pembeni, miso kidogo kwa siku ambayo friji itakosea. Hospitali inayofanya upasuaji iwe na zote, ergometrini ikiwemo, lakini nguvu yake yote iko kwenye benki ya damu. Kama benki ni tupu, kuwa na dawa tano hakumbadilishii kitu mama wa kondo lililobanduka.

Traneksamiki, popote mtakapoinunua, isikae kwenye kabati la ganzi wala kwenye trei ya chumba cha upasuaji. Iwekeni leba, ndani ya sanduku la dharura, vichupa viwili vya nusu gramu vimefungwa pamoja kwa plasta, na bomba la mililita 10, kanula nene na saa ya ukutani mahali ambapo anayechoma anaiona bila kugeuka.